Ala za Kale, Ala za Umeme: Uhalisi wa Taarab ni wa Mwaka Gani?

Katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, wimbo wa taarab aghalabu hufika darasani ukiwa karatasini. Mhadhiri huugawa ubeti kwa ubeti, wanafunzi wakahesabu mizani, wakabainisha vina, wakajadili mafumbo na maudhui ya mapenzi, kisha daftari zikafungwa. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: wimbo huu uliimbwa na nani, kwa ala zipi, mwaka upi, na maneno haya yalinukuliwa kutoka rekodi gani? Nje ya darasa, hata hivyo, suala la ala hujitokeza kwa nguvu, tena kwa sura ya hukumu. Kinanda cha umeme kinapotajwa tu, wapo wanaokata kauli papo hapo: hiyo si taarab. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo mawili, la kuipuuza ala na la kuifanya ala kuwa kigezo cha kukataa, yana asili moja. Yote mawili humwezesha mtu kuzungumzia taarab bila ya kuisikiliza.

Udhaifu huu unashangaza zaidi ukizingatia mahali ambapo wengi wa wasomaji wa jarida hili wanasomea. Katika Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kinapakana na majengo ya Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, lililorithi mwaka 1989 kazi na maktaba ya sauti ya Sauti ya Kenya. Hatua chache kutoka hapo upo Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho uliofunguliwa mwaka 1952, ambao kwa miaka mingi ulikuwa jirani wa chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1944 kufundisha piano, fidla na ala nyinginezo za Ulaya. Okestra ya Nairobi nayo imekuwapo tangu miaka ya 1940, na matamasha yake yamesikika hata katika kumbi za shule za Barabara ya Gitanga, upande wa Muthangari na Lavington. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anayepanda matatu kutoka Muthangari kuja mjini anaishi kati ya mapokeo mawili ya muziki uliorekodiwa: ule wa okestra ya Ulaya na ule wa pwani yake mwenyewe. Mapokeo hayo mawili yana jambo la kuambizana kuhusu ala za kale na ala za kisasa.

Funzo la simfoni tisa

Ludwig van Beethoven aliandika simfoni tisa. Ya kwanza ilisikika Vienna mwaka 1800 na ya tisa mwaka 1824. Katika zama hizo fidla zilikuwa na nyuzi za utumbo wa mnyama, mabaragumu na tarumbeta hazikuwa na vali, filimbi zilichongwa kwa mti, na ngoma za okestra zilipigwa kwa vijiti vigumu. Kufikia katikati ya karne ya 20 karibu kila kitu katika orodha hiyo kilikuwa kimebadilika. Nyuzi za chuma zilitoa sauti kubwa zaidi, vali zilimwezesha mpiga baragumu kupita sauti zote bila ya taabu, filimbi ikawa ya madini, na wapigaji wa fidla wakaongezeka ili kuzijaza kumbi kubwa. Herbert von Karajan aliporekodi simfoni zote tisa na okestra ya Berlin mwaka 1961 na 1962, hiyo ndiyo sauti iliyosikika: nzito, laini, yenye wimbi la nyuzi linalofunika kila pengo. Kwa wasikilizaji wengi wa dunia, hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya Beethoven, na hakuna aliyejiuliza kama Beethoven mwenyewe angeitambua.

Swali hilo lilikuja kuulizwa kwa sauti kubwa. Kati ya mwaka 1986 na 1989 Roger Norrington na kundi lake la London Classical Players walizirekodi simfoni hizo kwa ala za zama za mtunzi au nakala zake. Mwaka 1994 zikatoka rekodi za John Eliot Gardiner zilizofuata njia hiyo hiyo. Wanamuziki hawa walirejelea pia tarakimu ambazo Beethoven alizichapisha mwaka 1817 ili kuonyesha kasi ya simfoni zake nane za mwanzo kwa kutumia metronomu, kifaa cha kupimia mwendo kilichokuwa kipya wakati huo. Kwa zaidi ya karne moja viongozi wengi wa okestra walizipuuza tarakimu hizo kwa hoja kwamba ni za kasi isiyowezekana. Tofauti iliyotokea haikuwa ndogo. Simfoni ya tisa iliyorekodiwa na Wilhelm Furtwängler mwaka 1951 huchukua takriban dakika 74. Ile ya Gardiner huchukua takriban dakika 60. Nota ni zile zile, lakini zimetenganishwa na karibu robo ya saa.

Wapo waliodai kwamba sasa Beethoven wa kweli amepatikana. Mhakiki Richard Taruskin aliwajibu katika kitabu chake Text and Act cha mwaka 1995. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba sauti hiyo nyepesi, kavu na ya haraka ilitokana zaidi na mapendeleo ya watu wa karne ya 20 kuliko na ukweli wa karne ya 19. Wanamuziki walichagua, katika ushahidi wa kale, yale yaliyowapendeza wao, kisha wakayaita uhalisi. Wakati huo huo, wengine walishika njia ya kati. Nikolaus Harnoncourt, katika rekodi zake za mwaka 1990 na 1991, alitumia okestra ya ala za kisasa lakini akaweka tarumbeta zisizo na vali. David Zinman, akiwa na okestra ya Zürich mwishoni mwa miaka ya 1990, alitumia ala za kisasa kwa mwendo na matamko waliyoyafufua wenzake wa ala za kale.

Mjadala huu una mafunzo matatu kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Kwanza, ala hubadilisha kazi: inaamua nini kisikike mbele, nini kizame, na mwendo gani uwezekane. Pili, anayedai uhalisi anapaswa kutaja uhalisi wa wakati gani na kwa ushahidi upi. Tatu, namna ya kupiga inaweza kuwa na uzito kuliko umri wa chombo kinachopigwa.

Ipo tofauti moja inayostahili kutiliwa mkazo. Beethoven aliacha nota, hakuacha sauti. Wanaomtafuta hawana budi kuikisia sauti kutokana na maandishi. Taarab ya Kiswahili ni kinyume chake. Watunzi wake aghalabu hawakuandika nota, lakini sauti zao zimekuwa zikirekodiwa tangu mwaka 1928. Kile ambacho wenzetu wa Ulaya wanakitafuta kwa jasho la miongo mingi, yaani sauti yenyewe ya wakati ule, sisi tunacho, na bado tunanukuu maneno peke yake.

Neno “kinanda” na safari yake

Wanaoshikilia kwamba kinanda kimeiharibu taarab wangefaidika kwa kulitazama neno lenyewe. Katika Kiswahili cha karne ya 19, kama kamusi za kale zinavyoshuhudia, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi ya kukong'oswa, jamaa ya gambusi. Katika visiwa vya Lamu jina hilo lilihusishwa na burudani ya ala hiyo pamoja na nyimbo na uchezaji wake, kabla taarab haijatawala. Baadaye neno likapanuka kumeza ala za Wazungu: piano, kinanda cha kanisani, hata mashine ya kuchezea santuri. Leo ukimtajia kijana wa Nairobi kinanda, atawaza vitufe vyeusi na vyeupe na waya wa umeme. Jina “santuri” nalo linafanana na jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na Iraki. Lugha, basi, haikuwahi kuifunga milango yake kwa ala ngeni. Iliipokea kila moja na kuipa jina la iliyotangulia.

Historia ya taarab yenyewe inasimulia jambo hilo hilo. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kati ya mwaka 1870 na 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, naye akarejea na kanuni. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilianza kwa kuimba Kiarabu. Mtu wa mwaka 1910 aliyependa uhalisi angekuwa na kila sababu ya kusema kwamba taarab ya kweli ni ya Kiarabu, huimbwa na wanaume, na mahali pake ni mbele ya wakubwa. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke kutoka Fumba, akaimba kwa Kiswahili mambo ya mitaa ya Ng'ambo. Kwa kipimo cha uhalisi wa ala, lugha na jinsia, Siti ndiye aliyekuwa taarab ya kisasa ya zama zake. Anayemtukuza Siti huku akilaani kila badiliko lililomfuata hana budi kueleza kwa nini mlango ulifungwa mara tu baada ya Siti kuingia.

Mabadiliko hayakukoma hapo. Katikati ya karne ya 20, sinema na okestra za Misri zilivutia mno vikundi vya Unguja. Safu za fidla zikaongezeka, zikaja selo, besi na akodioni. Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, kilikua katika mkondo huo, na sauti hiyo ndiyo ambayo wengi leo huiita taarab asilia. Mombasa ilikwenda njia yake. Mohamed Khamis Juma Bhalo aliimba mashairi, yakiwemo ya binamu yake Ahmad Nassir, kwa mahadhi ya filamu za Kihindi akisindikizwa na ala za Kihindi. Vikundi vingine vya Mombasa vilipokea tashkota, ala yenye vitufe iliyobuniwa Japani mwaka 1912. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliushikilia udi hadi mwisho wa maisha yake mwaka 2016. Yupi kati yao ndiye asilia? Aliyeshika udi wa Kiarabu, aliyeshika ala ya Kihindi, au aliyeshika ala ya Kijapani? Wote watatu ni Waswahili, na wote watatu waliimba Kiswahili ambacho wahadhiri wetu hukitolea mifano.

Ala inavyolitenda neno

Kusema kwamba ala zote zilikuwa ngeni hakumaanishi kwamba zote ni sawa. Hapa ndipo wanaotetea kila jipya wanapoteleza. Ala inaligusa neno, na kwa mwanafunzi wa fasihi hilo ndilo suala la msingi.

Udi hauna vikwazo vya shingoni kama vya gitaa. Kidole cha mpigaji kinaweza kusimama popote, na hivyo kuzifikia zile sauti za kati zinazohitajiwa na maqamu kama vile Rast na Bayati. Kinanda cha kawaida cha umeme kimegawanywa sehemu kumi na mbili zisizobadilika, na sauti hizo za kati hazimo. Vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu vyenye vitufe vya kuzirekebisha, lakini pale ambapo kinanda cha kawaida ndicho kinachotumika, mwimbaji hana budi kuchagua: aifuate ala na kuuacha mwinuko wa kale wa sauti, au aushike mwinuko huo na asikike kama aliyekosea. Kizazi kilichojifunza kuimba mbele ya kinanda hicho hujenga sikio jingine kabisa.

Jambo la pili ni nafasi. Sauti ya uzi uliokong'oswa hufifia haraka. Baada ya kila pigo kuna upenyo, na neno la mwimbaji hupita humo. Safu ya fidla haifanyi hivyo. Huushika wimbo pamoja na mwimbaji na kuuvuta kwa urefu, hivyo neno hubebwa na kundi zima. Kinanda cha umeme kinaweza kushikilia sauti bila ya kikomo, na besi yake ikiongezwa katika spika za harusi, konsonanti za mwimbaji ndizo za kwanza kupotea. Msikilizaji hushika kiitikio na kukosa ubeti. Si ajabu, basi, kwamba uzito wa utunzi katika nyimbo nyingi za kisasa umehamia kwenye kiitikio chenye kijembe kinachoweza kusikika juu ya vishindo. Mabadiliko ya mtindo wa lugha ambayo wahakiki huyaeleza kwa kuporomoka kwa maadili au kwa uvivu wa watunzi huenda kwa sehemu yanaelezeka kwa spika.

La tatu ni mwendo. Mpiga ngoma aliyeketi kando ya mwimbaji humtazama. Mwimbaji akiirefusha silabi ili kuupa uzito mwisho wa kipande, naye husubiri. Ngoma za mashine hazisubiri. Mizani nane kwa nane, ambayo darasani huhesabiwa kana kwamba kila silabi ina urefu sawa, katika uimbaji ina silabi ndefu na fupi, na ala inayosindikiza ndiyo inayoamua ni uhuru kiasi gani mwimbaji anao. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya mizani ya taarab bila ya kusikiliza rekodi hata mbili za wimbo mmoja anapima nguo asiyoijua mvaaji wake.

La nne, ambalo mara nyingi husahaulika, ni kwamba chombo cha kurekodia nacho ni ala. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928, waliimba kwa ajili ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulichukua dakika chache tu. Wimbo ambao barazani ungeweza kwenda kwa muda mrefu, kwa kurudia na kupokezana, ulilazimika kukatwa. Yamkini beti zilizonusurika ni zile zilizotosha katika nta na muda wa kampuni. Kwa hiyo hata rekodi kongwe kuliko zote haitupi taarab ya barazani kama ilivyokuwa. Inatupa taarab iliyokutana na mashine. Kaseti, iliyokuwa na nusu saa au zaidi kwa kila upande, ililegeza kizuizi hicho, na nyimbo zikaweza kurefuka tena.

Nyimbo zinazonasibishwa na Siti, kama vile “Muhogo wa Jang'ombe” na “Kijiti”, ni mahali pazuri pa kuyapima haya. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliziimba kwa miongo kadhaa akiwa na vikundi tofauti, na rekodi zake zinapatikana. Kuzilinganisha rekodi hizo kungemfundisha mwanafunzi mambo ambayo hakuna karatasi ya beti inayoweza kumfundisha: neno lipi limedondoshwa, lipi limeongezwa, kipi kimerudiwa, na wapi mwimbaji amesimama ili hadhira icheke. Shaaban Robert alituandikia Wasifu wa Siti Binti Saad, na kitabu hicho kinasomwa hadi leo. Ni wangapi kati ya waliokisoma ambao wamewahi kuisikia sauti ya Siti kwa masikio yao?

Pingamizi mbili

Ipo pingamizi ya kwanza, nayo ni nzito. Okestra kamili ya taarab inahitaji watu ishirini na zaidi, miaka ya mafunzo, fidla na kanuni ambazo ni ghali na ambazo mafundi wake ni wachache. Kinanda kimoja na watu watatu au wanne hutosha kuiendesha harusi nzima. Kulaani kinanda ni kuwaambia watu wa kipato cha chini kwamba wasiwe na taarab mpaka wapate fidla kumi. Tena, ni katika zama za vinanda ambapo wanawake kadhaa walipata umaarufu ambao haukuwahi kuonekana. Khadija Kopa alitokea katika okestra ya Culture Musical Club huko Unguja, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 akajiunga na Tanzania One Theatre jijini Dar es Salaam, ambako ala za umeme na ushindani wa mipasho vilimkuza kwa namna nyingine. Ni sauti ile ile ya mtu yule yule. Atakayesema kwamba aliacha kuwa mwimbaji wa taarab siku alipovuka bahari ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Pingamizi hii inakubalika, na kwa kweli inaiimarisha hoja ya makala haya. Kopa ni kwa mwanafunzi wa taarab kile ambacho simfoni tisa ni kwa mwanafunzi wa Beethoven: kazi ya mtu mmoja iliyosikika kupitia aina mbili za ala. Hapo ndipo panapofaa utafiti. Badala ya kuamua ni Kopa yupi aliye halisi, mtafiti aulize matamshi yake, urefu wa beti zake na uhusiano wake na kiitikio vilibadilika vipi alipobadilisha kundi.

Pingamizi ya pili ni ya wanataaluma wenyewe. Husemwa kwamba idara ya Kiswahili si idara ya muziki, na kwamba mhadhiri wa ushairi hana wajibu wa kujua maqamu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama fasihi yetu ingekuwa imezaliwa katika kitabu. Lakini kozi za fasihi simulizi hufundisha, muhula wa kwanza kabisa, kwamba utendaji ni sehemu ya maana, kwamba toni, ishara na hadhira haviwezi kutenganishwa na kazi yenyewe. Haiwezekani kuyafundisha hayo Jumatatu, kisha Jumatano kuusoma wimbo kana kwamba ulitungwa kwa ajili ya karatasi. Si lazima mwanafunzi ajue kupiga udi. Inatosha ajue kwamba udi upo, asikie unapoanza na unaponyamaza, na aandike alichokisikia.

Kinachopasa kufanywa

Mapendekezo yanayofuata hayahitaji bajeti kubwa wala idhini ya seneti ya chuo.

La kwanza ni la unukuzi. Mtu anaponukuu wimbo wa taarab katika insha au tasnifu, ataje mwimbaji, kikundi, mwaka kama unajulikana, na chombo alimopata wimbo: santuri, kaseti, diski au onyesho la ana kwa ana. Aongeze mstari mmoja kuhusu ala zinazosikika. Hakuna msimamizi ambaye angekubali mwanafunzi anukuu utenzi wa kale bila ya kutaja mswada au mhariri. Rekodi ndiyo mswada wa taarab, na hakuna sababu ya kuitendea kwa uzembe ambao tusingeuvumilia kwa karatasi.

La pili ni la ufundishaji. Kila wimbo wa taarab unaofundishwa usikilizwe darasani, na inapowezekana usikilizwe katika matoleo mawili yenye ala tofauti. Rekodi zenyewe si adimu kama ilivyokuwa zamani. Mfululizo wa diski za Zanzibara, ulioanza kutolewa mwaka 2005, umekusanya rekodi za Unguja na Mombasa za vipindi mbalimbali, za okestra na za vinanda vya umeme. Jijini Nairobi kwenyewe, duka la Melodica katika Barabara ya Tom Mboya limejulikana kwa santuri tangu miaka ya 1970. Na maktaba ya sauti ya KBC iko ng'ambo ya ukuta wa chuo.

La tatu ni la vyama vya wanafunzi. Kaseti nyingi za taarab ya Mombasa na Lamu zimo majumbani mwa familia za wanachama wenyewe, na utepe wa kaseti hauvumilii joto na unyevu wa pwani. Kila chama kinaweza kuanzisha orodha ya kaseti hizo na kuzinakili kidijitali kabla hazijakwama. Kazi ya Ketebul Music, studio iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007 na ambayo imekuwa ikiandika historia ya miziki ya Kenya, imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana humu humu nchini. Pamoja na kunakili, wapigaji wazee wa udi, kanuni na gambusi wahojiwe wakiwa na ala zao mikononi, waulizwe walikuwa wakimsubiri vipi mwimbaji, na waonyeshe.

La nne ni la msamiati. Tuache kuitumia lakabu “asilia” kwa okestra ya miaka ya 1950 na “ya kisasa” kwa kinanda, kana kwamba historia ina siku mbili tu. Tuseme taarab ya okestra, taarab ya udi, taarab ya tashkota, taarab ya kinanda cha umeme, na tuutaje mwongo wake. Maneno mahususi hupunguza ugomvi usio na tija, maana mtu akilazimika kutaja mwaka, hulazimika pia kutaja ushahidi.

Santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zinaelekea kutimiza karne moja. Ingekuwa jambo la fedheha kama maadhimisho hayo yatafanyika katika kumbi za vyuo vyetu kwa makala, mihadhara na karatasi za beti, bila ya mtu yeyote kuleta mashine ya kuzichezea. Chama kitakachoanza kuziandaa rekodi hizo sasa, za udi na za kinanda kwa pamoja, kitakuwa kimewatendea haki waimbaji wa pande zote mbili.